Nani Kaiua Jeki ya Kifuniko?

Wenye boti wanajua bei ya oili, bei ya propela na namba ya simu ya fundi wa injini. Waulize jeki ya umeme inayoinua kifuniko cha injini ilikaguliwa lini mara ya mwisho, wengi watakujibu kwamba haijawahi kuwasumbua. Itawasumbua. Nayo huchagua wakati mbaya, maana hakuna anayeikumbuka mpaka siku injini inapozima katikati ya maji, nahodha anabonyeza swichi ili aitazame, na kifuniko kinabaki kimelala pale pale.

Si kila boti ina jeki hii. Boti nyingi za faiba zinazobeba watalii huendeshwa na mashine za nje zilizofungwa tezi, na fundi akitaka kuiona mashine anavua kava tu. Jeki hupatikana katika boti ambazo injini imekaa ndani, chini ya sitaha. Ndizo boti kubwa za kuvulia sulisuli na jodari, za aina inayoonekana Watamu na Malindi, na boti za starehe zilizoundwa Marekani, kama Sea Ray Sundancer. Kifuniko chenyewe ni kipande cha sitaha, faiba nene iliyotiwa mbavu kwa ndani, pengine na kochi zima juu yake. Mtu mmoja hawezi kukiinua kwa mikono na papo hapo akafanya kazi chini yake. Ndiyo sababu kikawekewa jeki.

Ndani ya jeki hamna siri kubwa. Mota ndogo ya volti 12, au 24 katika baadhi ya boti kubwa, huzungusha gia, na gia huzungusha skrubu ndefu iliyo ndani ya bomba. Skrubu ikizunguka, nati iliyovaa juu yake husogea na kuisukuma fimbo itoke nje. Mota ikizunguka kinyume, fimbo hurudi ndani. Aina nyingi zina swichi mbili ndogo za kikomo: moja hukata umeme fimbo ikifika mwisho wa kutoka, nyingine ikifika mwisho wa kurudi. Kila moja ina daiodi pembeni yake inayouachia umeme wa upande wa pili upite, la sivyo jeki ikifika mwisho isingeweza kurudi ilikotoka.

Kwenye jeki hutoka waya mbili tu, na hapa ndipo mafundi umeme wa magari wanapoteleza. Katika gari wamezoea kwamba waya mmoja ni wa moto na mwingine ni wa ethi siku zote. Waya za jeki hazina makao. Kifuniko kikipanda, huu ndio chanya na ule ndio hasi, kikishuka, zinabadilishana. Kazi ya swichi iliyo karibu na usukani, au ya rilei mbili zinazoisaidia, ni kuzigeuza. Fundi akichukua waya mmoja na kuufunga moja kwa moja kwenye ethi, kifuniko kitapanda vizuri na yeye atalipwa aende zake. Mwenye boti akijaribu kukishusha, umeme wa chanya unakwenda ethi moja kwa moja na fyuzi inakatika. Tena boti ya faiba haina bodi ya chuma ya kurudishia umeme kama gari. Kila waya wa hasi lazima urudi wenyewe mpaka kwenye betri, na kila kiungo kilicho njiani ni mahali ambapo chumvi inaweza kuingia.

Msimu wa kusi ni nafasi nzuri ya kuvitazama viungo hivyo. Kuanzia Mei mpaka Julai bahari ya pwani ya Kenya huchafuka, wageni wa uvuvi hupungua, na boti nyingi hupandishwa nchi kavu au hufungwa ndani ya mikono ya bahari kama Mtwapa na Kilifi. Ndicho kipindi ambacho utamkuta fundi amekaa kitako kwenye ukingo wa chumba cha injini, mita mkononi, na nahodha amesimama kwenye swichi.

"Nahodha, hebu bonyeza juu."

"Tayari, fundi."

"Shikilia, usiachie. Haya, basi."

Mazungumzo mafupi kama hayo ndiyo kipimo chenyewe, na inafaa kuyaeleza kwa kirefu, kwa sababu jeki nyingi zinazotupwa zingali nzima. Mwenye boti anabonyeza swichi, kifuniko hakiendi, anaamua jeki imekufa na kuagiza nyingine kutoka ng'ambo. Analipa bei, usafiri na ushuru, anaifunga, na baada ya miezi michache mpya nayo inagoma. Hakuna aliyeuliza ya kwanza iliuawa na nini.

Mara nyingi iliuawa na umeme dhaifu. Kifuniko kikiwa kimelala, jeki nayo imelala karibu sambamba nacho, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu yake inasukuma pembeni na ndogo tu inainua. Sentimita za kwanza ndizo nzito kuliko zote, na ndipo mota inapovuta umeme mwingi zaidi. Volti zikiwa pungufu, mota huzunguka polepole na kubeba mzigo ule ule kwa muda mrefu zaidi, na joto linapanda. Zikipungua sana, husimama kabisa huku umeme unapita, na mota iliyosimama huku inavuta umeme huungua. Kidole kinachoendelea kubonyeza swichi kwa matumaini kwamba kifuniko kitaamka ndicho kinachomalizia kazi.

Kipimo chenyewe kianze kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na hapo usimlaumu mtu mwingine kabla hujaichaji. Kisha twende kwenye plagi ya jeki. Kosa linalorudiwa kila siku ni kuichomoa plagi, kuweka ncha za mita ndani yake, kuona 12.4 na kutangaza kwamba umeme upo, jeki ndiyo mbovu. Mita haivuti umeme wa maana. Kiungo kilicholiwa na kutu mpaka kikabaki na nyuzi mbili za shaba kitaipitishia mita volti zote bila shida. Ukitaka ukweli, rudisha plagi, ingiza ncha za mita kwa nyuma yake, na nahodha abonyeze swichi jeki ikiwa na mzigo. Kama 12.4 inaporomoka mpaka 8 au 9, jeki inaonewa. Umeme unapotelea njiani.

Unapotelea wapi? Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye waya wa hasi pale jeki ilipo, na nahodha abonyeze tena. Mita ikisoma sehemu ndogo tu ya volti moja, upande huo ni mzima. Ikisoma volti 2 au 3, umempata muuaji, naye yuko kwenye njia ya kurudi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya. Kisha sogeza ncha kiungo kwa kiungo, na mahali ambapo namba inaruka ghafla ndipo pa kufungua.

Ukifungua utaona mwenyewe. Tepu nyeusi imekuwa ulimbo, inanata vidoleni. Chini yake kuna kiunganishi kilichobanwa kwa koleo, na mdomoni pake unga wa kijani. Ukiuvuta waya kidogo, unakatika kama uzi mkavu. Ukirudisha ganda lake nyuma sentimita tano, kumi, shaba ndani bado ni nyeusi, kwa kuwa maji ya chumvi hunywewa na nyuzi na kupanda ndani ya ganda yakifuata waya. Waya wa namna hiyo haufai kukatwa ncha na kuungwa tena hapo hapo. Rudi nyuma mpaka uikute shaba inayong'aa, au ubadilishe wote.

Ukibadilisha, tumia waya wa baharini, wenye nyuzi nyingi nyembamba ambazo kila moja imepakwa bati. Ukiukata ndani unang'aa rangi ya fedha. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usitumike katika boti hata kwa dharura, maana mtikisiko wa injini huuvunja. Viunganishi viwe vya aina inayobanwa kisha ganda lake likapashwa moto lijikaze, na gundi iliyo ndani iyeyuke na kuziba pande zote mbili.

Halafu kuna unene wa waya, jambo ambalo hesabu yake ni fupi na faida yake kubwa. Chukua jeki inayovuta ampea 15 ikiwa mita 5 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 10. Waya wa milimita 2.5 za mraba utakula volti moja na kidogo hata ukiwa mpya kabisa. Wa milimita 6 utakula chini ya nusu volti. Baraza la Marekani la viwango vya boti, ABYC, lililoanzishwa mwaka 1954, huruhusu upotevu wa asilimia 3 kwa vifaa muhimu vya usalama na asilimia 10 kwa vingine. Asilimia 10 ya volti 12 ni 1.2. Waya mwembamba, basi, unafika ukingoni siku ya kwanza, na kutu kidogo tu inatosha kuuvusha. Mimi ningeihesabu jeki ya kifuniko pamoja na vifaa vya usalama, kwa sababu nitakayoieleza.

Kama volti zinafika vizuri na kifuniko bado hakiendi, sikio linasaidia. Kimya kabisa huku umeme upo plagini ni dalili kwamba kaboni za mota zimekwisha au swichi ya kikomo imeganda. Gonga bomba la mota polepole kwa mpini wa bisibisi huku mwenzako anabonyeza; ikiamka, ni kaboni, na huo uzima ni wa siku chache. Mlio wa rilei peke yake, tik, bila mota kuguna, unakurudisha kwenye swichi na viungo. Mota ikilia kwa kasi na fimbo isitoke, gia imenyolewa meno au pini yake imekatika. Na jeki inayokubali kupanda lakini ikakataa kushuka huwa na hitilafu kwenye rilei moja, kwenye ncha moja ya swichi, au kwenye swichi ya kikomo. Badilishanisha waya mbili kwenye plagi ya jeki ujue. Kama sasa swichi ya kupandisha inaishusha, jeki haina kosa. Kama bado haishuki, tatizo limo ndani yake.

Umeme si mshtakiwa pekee. Kando ya jeki, vifuniko vingi vina shokapu za gesi, zile zile zinazoshikilia mlango wa nyuma wa gari. Zikiwa nzima, zinabeba sehemu kubwa ya uzito na jeki inaongoza tu. Lakini gesi hupungua mwaka hadi mwaka, hasa fimbo yake ikiota kutu na kuikwaruza sili, na kwa kuwa kifuniko kinaendelea kufunguka kwa umeme, hakuna anayegundua kwamba mzigo wote umehamia kwenye jeki. Kuipima shokapu si kazi: hakikisha kifuniko kimekingwa, chomoa shokapu ncha moja, uibonyeze kwa mkono. Ikiingia kwa ulaini na isirudi, imekwisha. Zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na nguvu yake, ambayo huandikwa ubavuni kwa nyutoni, iwe ile ile.

Boti zenye jeki mbili zina adui wa ziada. Kiungo cha upande mmoja kikipata kutu, jeki hiyo inachelewa, ya pili inatangulia, na kifuniko kinapanda kimepinda. Bawaba zinalia, skrubu za bawaba zinalegea ndani ya faiba, na hatimaye jeki nzima inajivunja kwa kusukuma kitu kilichokwama. Ukikiona kifuniko kimeinama upande mmoja kinapopanda, achia swichi hapo hapo.

Kuhusu maji sina mengi ya kusema, kwa kuwa dawa yake inajulikana na haifanywi. Fimbo ioshwe kwa maji baridi baada ya kila safari na ifutwe. Maji ya presha yasielekezwe kwenye sili ya fimbo, kwa sababu yanaiingia. Pini na bushi zipakwe grisi ya baharini. Mpira wa kufunika fimbo ukipasuka ubadilishwe, kwani uliopasuka unashikilia maji ya chumvi, na ni mbaya kuliko kutokuwa nao kabisa. Bolti za chuma cha pua zinazoingia kwenye alumini zipakwe kinga, la sivyo alumini italiwa mpaka bolti isitoke.

Je, jeki iliyokufa inafufuka? Zile zinazofungwa kwa bolti, ndiyo. Fundi mzoefu anaifungua, anabadilisha kaboni na oringi, anaondoa grisi iliyogeuka kuwa tope na kuweka mpya, na inafanya kazi miaka mingine. Zilizozibwa kiwandani hazifai kufunguliwa, kwani sili ikishavunjwa huwezi kuirudisha kama ilivyokuwa. Ukilazimika kununua, pima mambo matatu na uyaandike: urefu kutoka tundu la pini hadi tundu la pini jeki ikiwa imefungwa, urefu huo huo ikiwa imenyooka, na volti. Jeki ndefu kupita kiasi itaendelea kusukuma baada ya kifuniko kufika mwisho, na kitakachovunjika ni bawaba au faiba. Uwezo wake wa kubeba usipungue ule wa ya zamani. Na kama injini ni ya petroli, jeki, rilei na swichi yoyote iliyo ndani ya chumba cha injini lazima ziwe za aina isiyoweza kuwasha mvuke wa mafuta, na iandikwe hivyo juu yake. Jeki ya kitanda cha hospitali au ya geti ina nguvu na bei yake ni nafuu, lakini haina kinga hiyo.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki, unashuka na kutulia ngamani, na ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa iliyomo unaweza kulipuka kwa cheche moja. Kwa sababu hiyo boti za petroli zenye injini ya ndani zinazouzwa Marekani huwa na feni ya kutoa hewa na kibandiko kinachomtaka nahodha aiwashe dakika 4 kabla ya kuwasha injini na aikague ngama. Kuikagua kunahitaji kifuniko kifunguke. Kuona bomba la maji limechomoka, kuzima pampu iliyokwama, kufunga mlango wa maji ya bahari, vyote viko chini ya kifuniko hicho. Ndiyo maana nasema jeki hii ni kifaa cha usalama, hata kama muuzaji aliitaja pamoja na redio na friji. Kuna hali moja tu ambamo kifuniko kisifunguliwe: moto. Ukiona moshi, zima injini na feni, na mtungi wa kuzimia upulizwe kupitia tundu dogo lililotengwa kwa kazi hiyo, maana kufungua ni kuulisha moto hewa.

Sasa fikiria kwamba katika boti nyingi za aina hii betri zenyewe zimo ndani ya chumba cha injini. Betri zikifa, kifuniko hakifunguki. Kifuniko kisipofunguka, huzifikii betri. Mtengenezaji makini huacha njia ya kutokea: pini ya kuchomoa kwa haraka inayofikika kupitia sanduku la kiti, au waya mbili zilizoletwa mpaka chini ya dashibodi ili zipewe umeme wa betri ya akiba. Kama boti yako haina hata moja, fundi anaweza kuvuta waya hizo kwa siku moja, zikiwa na fyuzi yake, na kiungo chake kikae nje ya chumba cha injini ili cheche isizaliwe penye mvuke. Mnaochomoa pini muwe watu wawili au watatu, maana kifuniko kitakuja na uzito wake wote. Na mtu asiingize kichwa wala mkono chini yake kabla hakijawekewa gadi ya mbao au ya chuma. Gia za jeki zikinyolewa meno, kifuniko hakitoi onyo.

Kabla ya safari yako ijayo, mwombe nahodha azime swichi kuu ya betri, kisha akuonyeshe jinsi kifuniko cha injini kinavyofunguka. Akishindwa, boti isitoke.